Levin na Swali Lisilojibiwa

Wengi walijuao jina la Anna Karenina, riwaya ya Leo Tolstoy wa Urusi, hukumbuka kwanza yule mwanamke aliyejitupa chini ya gari moshi. Kosa hilo ni la tangu mwanzo. Riwaya ilipokuwa ikitolewa kidogo kidogo katika jarida moja la Moscow, toka mwaka 1875 hata 1877, mhariri alikataa kuichapa sehemu ya nane, ambayo ndiyo ya mwisho, kwa kuwa hakuafikiana na maoni ya mtungaji juu ya Warusi waliojitolea kwenda kupigana upande wa Waserbia. Akawaarifu wasomaji wake kwamba kwa kufa kwa Anna hadithi ilikuwa imekwisha. Tolstoy akaitoa sehemu ile mwenyewe, mbali na jarida. Ndani yake hamna harusi wala maziko. Mna mtu mmoja, Levin, mwenye afya, shamba, mke ampendaye na mtoto mchanga, ambaye ameificha kamba asije akajinyonga, na aogopa kutoka na bunduki asije akajipiga risasi. Mhariri alikidhani kipande hicho kuwa cha ziada. Kumbe hapo ndipo riwaya inapouliza swali lake kubwa kuliko yote: mtu asiyeweza tena kuamini aishi kwa nini?

Shaka ya Levin haikuja kwa ghafula. Kabla ya kufunga ndoa ilimlazimu aungame mbele ya kasisi, naye akasema wazi kuwa dhambi yake kuu ni shaka, na kwamba mara nyingine hata kuwako kwa Mungu hana yakini nako. Hakusema hivyo kwa kiburi cha kijana aliyesoma vitabu viwili vitatu; alisema kwa haya, kama mtu atajaye ugonjwa wake. Baadaye kaka yake, Nikolai, akafa kwa kifua kikuu katika chumba kichafu cha hoteli ya mji mdogo. Levin alisimama karibu na kitanda asijue aseme nini wala ashike wapi. Aliyejua ni Kitty, mkewe, ambaye hakuwahi kushindana na wenye hekima wa dunia. Aliagiza chumba kisafishwe, mgonjwa abadilishwe nguo, mto ugeuzwe. Elimu yote ya Levin haikumfaa mbele ya mauti, na mikono ya mwanamke asiye na elimu hiyo ikafaa. Msomaji aangalie sana mahali hapo, kwa maana msingi wa sehemu ya nane umekwisha kuwekwa.

Baada ya msiba ule Levin alivirudia vitabu. Alisoma Plato, Spinoza, Kant, Schelling, Hegel na Schopenhauer. Maadamu macho yake yamo katika kurasa, hoja zilisimama imara. Akirudi katika maisha yake, zilianguka. Hapa Tolstoy ametambua jambo ambalo wahubiri wengi, na wapinzani wao pia, hawakulitambua. Shaka ya namna hii si upungufu wa hoja, hata iweze kuponywa kwa hoja nyingine. Levin haulizi apate kushinda mjadala. Auliza kwa sababu amemwona ndugu yake akifa, na amejua kuwa yeye mwenyewe atakufa vile vile.

Msaada wamjia mahali asipoutazamia, penye mashine ya kupura nafaka. Mkulima mmoja, Fyodor, aongea naye juu ya kukodisha shamba, na katika mazungumzo hayo atofautisha watu wawili: mmoja huishi kwa tumbo lake tu, na mwingine, mzee Fokanych, huishi kwa ajili ya roho na humkumbuka Mungu, kwa hiyo hamkamui mdeni wake. Ni maneno ya biashara ya mashamba, hayana mapambo. Lakini Levin ashtuka. Aona kwamba jambo alilokuwa akilitafuta kwa akili alikuwa akilitenda siku zote bila ya kulijua: kulipa watu haki yao, kutunza nyumba, kutowatupa wanaomtegemea. Uhai wake ulikuwa mwema kuliko fikira zake.

Mtungaji dhaifu angekomea hapo, akamwacha Levin aking'aa kama mtakatifu. Tolstoy hakufanya hivyo, na ustadi wake wote u katika yale yafuatayo. Levin apanda gari la farasi kurudi nyumbani, moyo wake umejaa mapenzi kwa wanadamu wote. Mwendeshaji, Ivan, avuta hatamu kidogo ili gari lisigonge kisiki, na papo hapo Levin amkaripia. Baadaye tufani yavuma, na Kitty yuko msituni pamoja na mtoto na yaya. Levin auona mwaloni mkubwa ukipigwa na radi na kuanguka. Amwomba Mungu mti ule usiwaangukie, na mara ajua kuwa aombea mti uliokwisha kuanguka. Sala hiyo haina maana kwa akili, walakini airudia, maana hana lililo bora la kufanya. Awakuta wazima, na neno la kwanza alitoalo ni la kumlaumu mkewe kwa kutojihadhari! Jioni mtoto aogeshwa, naye aonyesha kuwa sasa awatambua walio wake. Levin, ambaye mpaka siku ile alimwonea mtoto huruma tu pamoja na kinyaa, amwambia Kitty kuwa ndipo alipojua jinsi ampendavyo.

Yafaa kupima mambo hayo kwa makini. Imani aliyoipata Levin haikuondoa hasira zake, wala haikumjibu kila swali. Chini ya nyota ajiuliza habari za Wayahudi, Waislamu, wafuasi wa Confucius na Wabuddha: je, hao wamenyimwa kheri ile? Haoni jibu, na akiri kuwa si kazi yake kutoa hukumu hiyo. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki, ambaye adhana na kengele humfikia katika mtaa mmoja, ukimya huo wa Levin una heshima kuliko mahubiri mengi.

Iko hoja nzito dhidi yake, nayo haifai kufichwa. Levin ni mwenye ardhi. Wakulima wa Urusi waliachwa huru mwaka 1861, lakini jasho lao ndilo liendelealo kumlisha. Neno la kumponya latoka kinywani mwa mtu aliyechoka kwa kupura ngano yake. Tena amani ya nyumba yake imesimama juu ya kazi ya Kitty, ambaye hakupewa nyota wala kurasa za kutafakari. Hoja hiyo ni ya kweli. Jawabu lililo karibu ni kwamba riwaya yenyewe yajua deni hilo. Wanaomfundisha Levin ni hao hao, Fyodor na Kitty, nao hawafundishi kwa kusudi, wanaishi tu. Mahali Tolstoy ateterekapo ni pale amwachapo Levin ajieleze mno kichwani mwake, kana kwamba ugunduzi wa penye mashine hautoshi mpaka upangwe kuwa mafunzo.

Na hapana shaka mtungaji mwenyewe hakuweza kukaa katika nyumba aliyomjengea Levin. Katika Ungamo, kitabu alichoanza kukiandika mwaka 1879, asimulia kamba ile ile na bunduki ile ile kuwa ni zake. Alitaka jibu kamili na sheria kamili ya maisha. Kanisa la Urusi lilimtenga mwaka 1901, na mwaka 1910 alitoroka nyumbani usiku, akafa katika stesheni ndogo ya Astapovo. Hata hivyo maisha ya mtungaji hayawi hukumu juu ya kitabu chake. Yaonyesha tu kwamba amani ya Levin si mali ya kufungia sandukuni.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hapa atamkumbuka Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974. Naye ni msomi mwenye shaka, naye ana mke, Sabina. Mtoto wao azaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na Kazimoto ajiua. Haifai kusema kuwa Levin ni mtu bora kuliko yeye. Misiba ya Kazimoto ni mikubwa zaidi, na elimu imekwisha kumwondoa katika kazi za kijijini kwao bila ya kumpa nyingine ishikayo moyo. Hata mapenzi ayatazama kwa mbali, kama hoja ingojayo kuthibitishwa. Levin aliokolewa na mambo yasiyongoja uthibitisho: ng'ombe, wadeni, mtoto ndani ya maji. Kezilahabi hakudanganya alipoonyesha mtu aliyekosa hayo, na Tolstoy hakudanganya alipoonyesha mtu aliyeyapata. Vitabu hivyo viwili vyafaa kusomwa pamoja, ili mwenye shaka asidhani kuwa shaka ndiyo iuayo. Huua ikiachwa peke yake, haina mtu wala kazi ya kuishughulisha mchana.

Karibu na mwisho Levin asimama nje gizani, ataka kumwambia mkewe siri yake. Kitty atokea, naye amtangulia kwa ombi: aende akaangalie chumba cha mgeni, kama meza mpya ya kunawia imewekwa. Levin akubali, na siri aiacha moyoni mwake.