Chupa Haizeeki

Nilipolipwa pesa ya kazi yangu ya kwanza ya maana, nilimnunulia Mzee Glenlivet ya miaka 18. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya miaka 12 iliyokuwa kando yake. Sikujali. Nilitaka ajue mtoto wake ameomoka.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Chupa bado iko kwa kabati la sebuleni, haijafunguliwa. Wageni wakija, Mzee huwaonyesha: "Hii sasa imefika miaka 22."

Haijafika. Wiski huzeeka ndani ya pipa tu. Sheria ya wiski ya Uskoti inataka angalau miaka 3 kwenye pipa la mwaloni, na umri unaosoma kwa lebo ni wa wiski changa kuliko zote zilizotiwa humo. Ikishaingia kwa chupa, kuzeeka kumeisha.

Sasa, hiyo miaka 6 ya ziada inafaa kulipiwa? Bei yenyewe si wizi. Kila mwaka kama asilimia 2 ya kilichomo pipani hupotea hewani; wenyewe huiita fungu la malaika. Piga hesabu: kufika mwaka wa 18, karibu asilimia 30 imeenda. Ongeza gharama ya ghala na pesa iliyolala muda huo wote. Lakini kitu kuwa ghali kutengeneza hakukifanyi kiwe kitamu. Hata pipa lina kikomo: wiski ikikaa sana, mbao zinaimeza, unabaki na uchungu kama umetafuna penseli.

Mwezi uliopita tulizijaribu zote mbili kwa beshte yangu. Yeye alimimina jikoni, akakataa kutuambia ipi ni ipi. Tulioonja tulikuwa wanne. Glasi moja ilikuwa nyepesi, na utamu wa nanasi kwa mbali. Nyingine ilikuwa nzito, zabibu kavu na mbao, ikakawia kooni. Wawili tulichagua ile nyepesi. Ilikuwa ya 12. Siri ilipofichuliwa, mwenzangu alionja ya 18 tena, na ghafla akaipenda. Hapo ndipo nilielewa tunachonunua.

Msimamo wangu: ya 18 ina kina zaidi, sikatai. Lakini si mara mbili zaidi, na kama unapenda wiski nyepesi, utakuwa umelipa zaidi kupata usichokitaka. Inunue kama utaifungua siku hiyo hiyo, na watu wako.

Juzi nilimwambia Mzee ukweli kuhusu hesabu yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na tukiifungua, wageni nitawaonyesha nini?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi naenda nyumbani na ya 12. Hiyo tutaifungua.