Sindano Isiyochoma

Lingshu, kitabu cha tiba cha Wachina chenye umri wa miaka 2,000 hivi, kinataja sindano tisa za mganga. Mojawapo haikutengenezwa ili ichome. Ncha yake ni ya mviringo, mfano wa punje ya ulezi, na kazi yake ni kuugusa mshipa bila kuzama mwilini. Wajapani wanaiita teishin: kijiti cha fedha, shaba au dhahabu, kinachoshikwa kwa vidole viwili. Mikononi mwa fundi kinamfaa hata mgonjwa ambaye mwili wake hauwezi tena kuvumilia mkono mzito.

Sindano ilitoka China, lakini mkono huu mwepesi ulilelewa Japani, na walezi wake wakubwa walikuwa vipofu. Sugiyama Waichi (1610–1694), aliyepofuka utotoni, ndiye anayesifiwa kwa kubuni mrija mwembamba unaoiongoza sindano ili isimuumize mgonjwa. Alimtibu shogun Tokugawa Tsunayoshi, akafungua shule za kuwafunza vipofu wenzake, na kazi ya sindano na ukandaji ikawa riziki yao kwa vizazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watawala wa Kimarekani walipotaka kuipiga marufuku, vipofu walikuwa mstari wa mbele kupinga, na mwaka 1947 ikapitishwa sheria ya leseni. Mwaka 1959 Fukushima Kodo, kipofu pia, aliasisi chama cha Toyohari pamoja na wenzake. Katika mtindo wao sindano kwa kawaida huishia juu ya ngozi. Hata ile nyembamba yenye ncha kali mara nyingi haipenyezwi.

Atazamaye kwa macho tu ataona kama hakuna linalotendeka. Fundi huanza kwa kushika mapigo kwenye vifundo vyote viwili vya mikono, vidole vitatu kila upande, akipima kama yako juu au yamezama, yanakwenda mbio au yanajikokota, yana nguvu au yamelegea. Kisha hupapasa tumbo, polepole, akitafuta palipopoa, palipokaza na palipolegea. Akishaamua ni ipi kati ya njia ambazo tiba hii inaamini hupitisha nishati mwilini imepungukiwa, huteleza na kidole juu yake hadi kikwame kwenye nukta anayoitaka. Hapo kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto hukutana na kuizunguka nukta, vikiwa vyepesi kabisa. Mkono wa kulia huileta sindano taratibu hadi ncha iguse ngozi, kisha hutulia. Fundi anapohisi badiliko chini ya vidole, huiondoa sindano upesi na papo hapo kuifunika nukta kwa kidole. Kisha hurudi kwenye mapigo kuuliza kama mwili umeitikia.

Mkono wa kushoto ndio unaobeba ufundi. Ukibonyeza kupita kiasi, mapigo hukakamaa. Ukilegea ovyo, hakuna kinachobadilika. Mkono wa namna hiyo hausomwi vitabuni. Mwanafunzi wa Toyohari hutibu mwenzake aliyelala, mwingine ameshika mapigo ya huyo aliyelala, mwingine ameweka kiganja tumboni, nao humwambia palepale kama mapigo yametengemaa au yameharibika. Hana pa kujificha. Atairudia nukta ileile mpaka wenzake wote waafiki, na miaka ikipita bado atakuwa anarekebishwa.

Chukua mgonjwa wa saratani: kwake wepesi huo una sababu zilizo wazi. Dawa kali za saratani hupunguza chembe za kugandisha damu, na tundu dogo tu linaweza kuacha jeraha la damu chini ya ngozi. Kinga ikishuka, kila tundu ni mlango wa vijidudu. Mkono uliovimba baada ya tezi za kwapani kuondolewa haufai kuchezewa. Mtoto aliyekwisha kudungwa mara nyingi hulia akiona sindano tu. Teishin inawafikia wote hao, mgonjwa akiwa ameketi au amelala ubavu ambao haumuumi.

Lakini wepesi wa chombo hautoshi. Kiasi ndicho mtihani. Kadiri mwili unavyodhoofika ndivyo unavyoshtushwa na kidogo. Nukta zinazomfaa kijana mwenye maumivu ya mgongo zinaweza kumwacha mgonjwa wa kitandani hoi kuliko alivyokuwa. Kwa hiyo fundi hugusa nukta chache, hushika mapigo, na yakitulia huacha, hata kama dakika zilizopita hazijafika kumi na ndugu wa mgonjwa wanamtazama kama aliyekatiza kazi.

Wanasayansi wana swali gumu hapa: tiba ya namna hii ilinganishwe na nini? Mwaka 1998 watafiti Streitberger na Kleinhenz walieleza katika jarida la Lancet sindano butu inayoteleza ndani ya mpini wake, mgonjwa akadhani amechomwa. Tangu hapo watafiti wameitumia kama tiba bandia ya kulinganishia. Kwa fundi wa Toyohari, kugusa bila kupenya ndiyo tiba yenyewe, kwa hiyo tiba hiyo bandia kwake si bandia. Fiziolojia nayo inatambua nyuzi za neva, ziitwazo C-taktili, zinazoitikia mguso mwepesi wa polepole na kuleta hisia ya faraja. Hilo halithibitishi njia za nishati, ila linaonyesha kwamba mguso mwepesi si sawa na kutofanya kitu.

Teishin haiponyi saratani, wala haichukui nafasi ya mofini. Fundi anayedai vinginevyo akimbiwe. Mwenye mgonjwa ahakikishe kwanza dawa za maumivu zinapatikana na zinatolewa kwa wakati. Baada ya hapo, akibahatika kumpata fundi aliyefunzwa barabara na daktari akaridhia, amkaribishe kitandani, na asimhimize aongeze nukta hata moja.