Nyuzi nane mikononi mwa fundi

Waya wa mtandao wa kompyuta una nyuzi nane za shaba. Zimesokotwa mbilimbili kuwa jozi nne, na kila jozi ina rangi yake: chungwa, kijani, buluu na kahawia. Mjini Bukavu fundi huukata kwa mita, akauvalisha kichwa cha plastiki kila upande, na mteja akaondoka akidhani amenunua kitu chepesi. Nimekaa mara nyingi nikiitazama kazi hiyo. Kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mwanafunzi anayetaka kuelewa data na mitandao angeanzia hapo, kwenye mikono ya fundi, kabla ya kufungua daftari.

Fundi huanza kwa kuchuna ganda la nje, sentimita mbili au tatu, kisu kisiguse nyuzi za ndani. Hufungua misokoto, akanyoosha kila uzi kwa kidole gumba mpaka ulale sambamba na mwenzake. Kisha huzipanga kwa utaratibu, mmoja kati ya taratibu mbili zinazokubalika dunia nzima: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Hukata ncha zote kwa mkato mmoja zilingane, akazisukuma ndani ya kichwa mpaka shaba ionekane mwisho kabisa. Hapo hutua, akahesabu rangi upya. Ndipo anapobana kwa koleo, na vimeno vidogo vilivyopakwa dhahabu vinatoboa ganda la kila uzi na kuuma shaba. Dhahabu, madini yaleyale yanayochimbwa katika migodi ya Kamituga, imewekwa hapo kwa sababu haishiki kutu, na pale vyuma viwili vinapogusana kutu kidogo tu inatosha kuzuia ishara.

Sasa uutazame uzi wa kijani. Jozi yake imetenganishwa: mmoja uko nafasi ya tatu, mwingine ya sita, na buluu zote mbili ziko katikati yao. Buluu zimekaa hapo kwa sababu simu za zamani zilitumia nafasi mbili za kati. Mwanafunzi asiyejua hilo huona ni fujo, akaamua kuzipanga jozi kwa jozi, kijani na kijani, buluu na buluu, pande zote mbili za waya. Akiupima kwa kifaa cha taa cha kukagua nyaya, taa zote nane zinawaka kwa zamu bila kasoro. Lakini kompyuta zikianza kazi, kasi huweza kushuka na faili kukwama njiani, hasa waya ukiwa mrefu.

Sababu yake iligunduliwa kabla ya kompyuta kuwapo. Mwaka 1881 mvumbuzi wa simu, Alexander Graham Bell, alipata hataza ya kusokota nyuzi za simu mbilimbili. Nyuzi mbili zilizosokotana hupatwa na kelele ya umeme kutoka nje kwa kiasi kilekile. Mashine inayopokea hupima tofauti kati ya hizo mbili tu, kwa hiyo kelele iliyo sawa katika zote mbili inajifuta yenyewe. Nafasi ya tatu na ya sita hubeba ishara moja. Ukiweka hapo uzi wa jozi hii na uzi wa jozi ile, shaba imeunganika lakini kinga imevunjika. Kifaa cha taa huuliza tu kama umeme unapita. Fundi stadi anauliza zaidi ya hapo, na jibu analipata kwa macho yake kabla ya koleo kushuka. Kwa sababu hiyohiyo, katika waya wa daraja la 5 haachi zaidi ya milimita 13 bila msokoto.

Ndani ya waya huo hamna herufi wala picha. Kuna volteji inayopanda na kushuka, nayo husomwa kama biti, yaani 0 au 1. Herufi B katika hesabu ya kompyuta ni 66, na kwa biti nane ni 01000010. Jina Bukavu lina herufi sita, kwa hiyo linasafiri kama biti 48. Mwaka 1948 mwanahisabati Claude Shannon aliifanya biti kuwa kipimo cha taarifa yoyote ile, iwe barua, sauti au hesabu za duka.

Faili haipiti nzima. Kazi ya mwanafunzi ya kumaliza masomo, yenye ukubwa wa baiti milioni tatu, kila baiti ikiwa biti nane, hukatwa vipande karibu 2,000, maana kipande kimoja katika mtandao wa kawaida hubeba baiti 1,500 tu. Kila kipande kina anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, na mkiani kina biti 32 za ukaguzi, zinazotokana na hesabu ya yaliyomo. Mpokeaji hurudia hesabu ile. Isipolingana, kipande kinatupwa. Itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ambayo wanasayansi wa kompyuta Vinton Cerf na Robert Kahn waliieleza mwaka 1974 ndiyo inayohakikisha kwamba kilichopotea kinatumwa tena. Kwa hiyo waya mbovu unaweza usiuzime mtandao. Unaufanya urudie kazi ileile mara nyingi, kimyakimya, na watumiaji wakailaumu kampuni ya intaneti.

Fundi akimaliza kuvuta nyaya huandika namba kwenye ncha zote mbili za kila waya. Hapo amefundisha somo zima la uchakataji wa taarifa. Chukua alama za mtihani: namba 68 peke yake ni data. Ukiiweka mbele ya jina la mwanafunzi, chini ya somo la hisabati, kati ya alama mia moja, imekuwa taarifa ambayo mwalimu anaweza kuitumia kuamua jambo. Waya usio na namba nao unapitisha umeme vizuri, lakini siku ya hitilafu hakuna atakayejua unatoka chumba gani.

Bukavu humdai fundi zaidi. Mji umejengwa juu ya miteremko inayoshukia Ziwa Kivu, na waya wa shaba una kikomo cha mita 100. Tena kuna radi. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, jirani ya Bukavu, kuwa ya kwanza barani Afrika: miale takriban 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Shaba iliyotandazwa nje kutoka jengo hadi jengo huipa radi njia ya kufikia kila mashine. Fundi anayejua mvua za huku huunganisha majengo kwa nyuzi za kioo, ambazo hupitisha mwanga na hazipitishi umeme, au kwa antena, na haanzi kazi kabla ya kuukagua waya wa ardhini. Umeme wa shirika la SNEL ukikatika, betri ya akiba huipa seva muda wa kuhifadhi ilichokuwa ikiandika.

Ninachowaomba walimu wa kompyuta ni kidogo. Mpeni kila mwanafunzi waya mrefu na vichwa vinne. Aupange sawasawa, aupime. Kisha avikate vichwa, avalishe vilivyobaki akiwa ameupanga jozi kwa jozi kwa makusudi, aone taa nane zikiwaka, halafu apitishe faili kubwa na kulinganisha muda. Atakuwa amejua kwa vidole vyake kwamba kuunganika si kuelewana, na kwamba mtandao mzima unategemea watu wanaotimiza makubaliano hata mahali ambapo kipimo hakiwezi kuwaumbua.