Boeing ilikosea kuchagua ukuta wa mizigo

Mwaka 2023 Boeing iliitumia 777-200ER katika mpango wake wa majaribio wa ecoDemonstrator, ikiwa na paneli za ukuta wa behewa la mizigo zenye asilimia 40 ya nyuzi za kaboni zilizorejelezwa na asilimia 25 ya resini ya malighafi ya kibayolojia. Waliofuatilia wanakumbuka sifa zilizomiminwa. Kuiweka kaboni ile pale kulikuwa kosa, tena kosa kubwa. Kipima mafuta cha nyuzi za mwanga kilichojaribiwa kwenye ndege hiyohiyo kilikuwa wazo zuri, na sina neno nalo.

Tuitazame kazi ya paneli ile. Haibebi mzigo wowote wa kuruka. Inagongwa na masanduku, basi. Mtihani wake mkubwa ni moto: hupigwa mwali kwa dakika tano, na mwali haupaswi kupenya. Mtihani huo haupimi ukakamavu. Ndiyo maana kuta hizi zimezoeleka kutengenezwa kwa nyuzi za kioo, ambazo huimudu kazi hiyo kwa bei nafuu. Sifa inayoilipia kaboni gharama yake ni ukakamavu katika uzito mdogo. Kuipeleka mahali ambapo ukakamavu hauna kazi ni kupasua mvule kuwa kuni. Isitoshe, bodi ya 777 ni ya alumini, na kaboni ikigusana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo unahitaji tabaka la kuzitenganisha, nalo lina uzito wake.

Linaloudhi zaidi ni kwamba jaribio lile halikujibu swali tulilokuwa nalo: je, uzi uliorejelezwa unaweza kufanya kazi inayodai ukakamavu? Pirolisisi, njia ya kuurejeleza uzi huo, huipasha kompositi kwenye joto la digrii 500 hivi za Selsiasi bila oksijeni, epoksi ikageuka gesi na mafuta, uzi ukabaki. Ukakamavu wa uzi huo karibu haupungui kabisa. Uimara wake unapovutwa hupungua kiasi, kutegemea usimamizi wa tanuru. Kinachopotea hasa ni urefu na mpangilio. Mkeka wa nyuzi zilizotawanyika haukubali kushindiliwa; nyuzi zake huishia kwenye theluthi moja hivi ya ujazo, wakati nyuzi zilizonyooshwa hupita nusu. Na kwa hilo Chuo Kikuu cha Bristol kilishaonyesha njia kwa mbinu ya HiPerDiF, ambapo maji huzibeba nyuzi fupi na kuzilaza upande mmoja. Kipande cha milimita tatu kilichonyooshwa vizuri ndani ya epoksi kinakaribia ukakamavu wa uzi mrefu.

Basi mahali pa kuujaribu uzi huo ni kifuniko cha reli za flapu, au mlango wa ukaguzi, sehemu ambazo vipimo vyake huamuliwa na ukakamavu: zisinepe, zisitetemeke. Wanaoutetea uamuzi ule watataja ithibati na historia ya malighafi. Historia ni hoja ya kweli, lakini mabaki ya kiwandani aina ya uzi wake inajulikana. Na ithibati? Ndege ya majaribio ipo kwa ajili hiyohiyo, kurusha kile ambacho bado hakijaruhusiwa kubeba abiria.

Nimekuwa nikilalamika kwamba kaboni hii inapelekwa pasipoifaa tangu Desemba 2018, Boeing ilipotangaza ushirikiano na ELG Carbon Fibre ya Uingereza. Kukusanya mabaki, hata yaliyokwisha kuokwa, lilikuwa jambo la kupongezwa. Lakini yalikopelekwa ni kwenye vifaa vya elektroniki na magari. Uzi wa daraja la bawa ukatolewa nje ya anga, na hakuna aliyeulizwa kwa nini. Kabla ya hapo tulishaiona Starship, ndege ya kompositi ya Beech ambayo Burt Rutan alishiriki kuibuni. Zilitengenezwa 53, na kuanzia 2003 Raytheon, iliyokuwa mmiliki wa Beech, ikazikusanya nyingi na kuzipeleka Arizona zikateketezwe. Bado inaniuma. Epoksi ikishaokwa haiyeyuki tena, na karibu sekta nzima iliendelea kuichagua bila mpango wa siku ya mwisho.

Fokker hawakufikiri hivyo. Mwaka 1998 waliipa Fokker 50 mlango wa magurudumu makuu uliotengenezwa kwa kaboni na PPS, themoplastiki inayokubali kuyeyushwa na kuumbwa upya, vipande vyake vikiunganishwa kwa kuchomelewa. Mlango ule hupigwa upepo, maji na kokoto za njia ya kurukia. Waliijaribu hapo, penye adha, kisha wakasonga mbele hadi sehemu za mkia wa Gulfstream G650. Warithi wao Uholanzi, pamoja na kituo cha TPAC cha Enschede, walisaga mabaki ya kaboni na PPS, wakayakandamiza kwenye kalibu na kupata mlango wa ukaguzi wa helikopta. Mlango huo uliruka. Airbus na wenzake nao wamechukua jalada la nguzo ya injini ya A380 iliyostaafu, wakalipasha moto na kuliumba upya kuwa paneli ya A320neo. Hizo ni sehemu zinazokutana na upepo.

Boeing ina uzi, ina ndege ya majaribio na ina wahandisi wa kuifanya kazi hii. Ndege ijayo ya ecoDemonstrator ipewe kifuniko cha reli za flapu cha nyuzi zilizorejelezwa na kunyooshwa, na ukuta wa mizigo uachiwe kioo.