Uvundo na Ukimya: Taswira ya Taka katika Tamthilia Mbili za Kiswahili

Msafiri anayetua Kikopey, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Nakuru, ili kula nyama choma, hupata pia kuliona Ziwa Elmenteita likimetameta bondeni. Ziwa hilo hupokea mito ya Mereroni, Mbaruk na Kariandusi, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka humo. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke; chumvi na metali zilizoletwa nayo husalia. Makala haya yanaichukua hali hiyo kuwa kipimo cha kuhakiki usawiri wa taka katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege na Kigogo ya Pauline Kea, tamthilia ambazo zote mbili zimewahi kutahiniwa katika shule za upili nchini Kenya.

Katika Mstahiki Meya, wafanyakazi wa baraza la mji wa Cheneo wanapogoma, taka hurundikana na uvundo huenea. Katika Kigogo, wachuuzi wa soko la Chapakazi hutozwa kodi ilhali soko lao limeachwa katika uchafu. Katika tamthilia zote mbili, taka ni ishara ya uongozi uliooza. Ishara hiyo ina nguvu jukwaani, kwani hadhira huielewa papo hapo. Hata hivyo, tunadai kwamba imejengwa juu ya dhana mbili zinazohitaji kuhojiwa: kwanza, kwamba uchafu hujitangaza kwa macho na pua, pili, kwamba uongozi ukinyooka, taka zitazolewa na kupelekwa nje ya mji.

Taka sumu hukanusha dhana zote mbili. Chukua mfano wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kilisambaza madini ya risasi katika makazi ya watu. Risasi iliyomo katika vumbi au maji haina harufu ya kumwonya mtu. Huingia mwilini kidogo kidogo na kudhuru hasa ubongo wa mtoto. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwaka wa 2024 Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo. Lugha yenyewe inatufunza jambo hapa. Neno risasi hutaja madini na pia kitu kitokacho kwenye bunduki. Fasihi yetu imeizoea mno risasi ya pili, ile yenye mlio na muuaji anayeonekana; ile ya kwanza, isiyo na mlio, bado haijapata mtunzi wa kuishughulikia ipasavyo.

Ama kuhusu dhana ya "nje", Bonde la Ufa linatupa jibu. Katika miaka ya 1990 heroe walikufa kwa wingi katika Ziwa Nakuru, ambalo nalo halina mto wa kutoa maji. Watafiti wengine walishuku metali nzito na viuawadudu, wengine sumu ya mwani. Katika beseni kama hili, kuzoa taka ni kuzihamisha tu. Usalama hutokana na kutenganisha betri, mafuta machafu na kemikali na taka nyingine pale zinapozalishwa, kuzihifadhi mahali pasipovuja, na kuweka kumbukumbu za zilikopelekwa.

Yamkini mtu atapinga kwamba tamthilia ni sanaa ya kuonekana, na kwamba kisichoonekana hakiigiziki. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Jukwaa limezoea kuwasilisha yasiyoonekana: mhusika anayetajwa bila kutokea, sauti kutoka nyuma ya pazia, ugonjwa unaojidhihirisha onyesho baada ya onyesho. Mtoto aliyekuwa akisoma vyema, na ambaye sasa anasahau aliyofunzwa jana, anaweza kubeba mchezo mzima pasi na rundo lolote la taka jukwaani.

Hatuwalaumu Arege na Kea. Lengo lao lilikuwa kuisuta dhuluma ya kisiasa, nao wamelifikia. Tunachohofia ni kwamba mwanafunzi aliyefunzwa kuitambua hatari kwa uvundo atasimama Kikopey, avute hewa safi ya bondeni, aridhike kwamba hakuna taka. Utambuzi wa sumu isiyonuka ni kazi ambayo mtunzi ajaye, na mwalimu wa fasihi pamoja naye, hawana budi kuianza.