Yasmin nje ya Nyumba ya Kihindi: Usawiri katika Vuta N'kuvute

Katika Vuta N'kuvute (1999), Adam Shafi anamweka katikati ya masimulizi Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar aliyeozwa kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi sana umri. Uteuzi huu una uzito, kwa kuwa Mhindi wa riwaya ya Kiswahili aghalabu huachwa nyuma ya kaunta (na Raza mwenyewe haponi sana hapo). Hata hivyo, nafsi ya Yasmin huchimbuliwa zaidi akiwa amekwisha kutoka kwao. Ng'ambo, kwa Mwajuma, msomaji anazifahamu hofu zake, tamaa zake na penzi lake kwa Denge. Ilhali nyumba ya Kihindi inasawiriwa hasa kwa makatazo: ndoa isiyo hiari, aibu, na mlango anaofungiwa na jamaa zake. Yale ambayo mwana wa nyumba huyapenda hata anapoikimbia yanapitwa haraka. Kwa hiyo, hoja kwamba mwandishi si Mhindi haina mashiko. Kasoro imo katika mgawanyo wa usikivu: Mwajuma amepewa utani, ukarimu na taarabu, jamaa za Yasmin wamepewa msimamo tu.