Mwamba Ngoma na Swali la Ufahamu

Katika mitihani yetu ya ufahamu liko swali moja ambalo watoto huliogopa kuliko mengine yote. Wakiulizwa mvua ilinyesha siku gani, au mzee alikuwa na ng'ombe wangapi, hurudi kwenye habari wakaliona jibu kwa macho. Lakini wakiulizwa, "Mwandishi wa habari hii ana mtazamo gani?" kalamu husimama. Mwandishi hajasema popote kwamba mtazamo wake ni huu au ule. Basi mtoto hutazama dari, akachagua herufi, akamwachia Mungu.

Walimu wenzangu wengi husema kwamba swali hilo ni la kubahatisha na halimfai mtoto wa darasa la saba. Mimi siafikiani nao. Swali ni jema. Sisi ndio hatulitendei haki. Jambo hilo nilifundishwa na mwanafunzi wangu mwenyewe, tena baada ya kumkosesha alama.

Mwaka 2006 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi pande hizi za Rungwa, kusini mwa Itigi, kwenye barabara iendayo Chunya na Mbeya. Huku tumepakana na Pori la Akiba la Rungwa, na tembo kuingia mashambani si habari ya kumshangaza mtu. Shule za jirani ziliandaa mtihani wa ujirani mwema, nami nikapewa kazi ya kutunga kifungu cha ufahamu. Nikaandika juu ya tembo. Sehemu yake ilikuwa hivi:

"Tembo ni mali ya taifa, na mali ya taifa hulindwa na kila mwananchi. Wakiingia shambani usiku, mkulima hupiga debe hadi alfajiri. Kukicha huhesabu mashina yaliyosalia. Huambiwa avumilie, eti tembo huliletea taifa fedha za kigeni."

Kisha nikauliza mwandishi anaonaje. Jibu A lilisema mkulima avumilie kwa faida ya taifa. B lilisema mkulima ni mvivu. C lilisema tembo wauawe. D lilisema mkulima amebebeshwa mzigo mzito kuliko haki yake. Katika karatasi yangu ya majibu niliandika A.

Wengi walichagua A. Mvulana mmoja alichagua C, na nilipomwuliza sababu alisema tembo walimaliza mahindi ya baba yake. Huyo alikosa, na alistahili kukosa. Alikuwa na haki ya kuona hivyo, lakini hakuulizwa yeye anaonaje. Aliulizwa mwandishi anaonaje. Msichana mmoja alichagua D. Nikamtia mkasi. Akaja mezani na karatasi yake, akasema kwa adabu, "Shikamoo, mwalimu. Hapa umeandika 'eti'. Anayekubali jambo hasemi 'eti'."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia arudi kwenye dawati lake, na alama yake sikuirudisha. Niliona haya mbele ya darasa. Ukweli ni kwamba mwezi uliopita tembo walikuwa wamepita katika shamba langu la mahindi, wakaniachia mabua. Nilipokaa kutunga nilidhani naandika habari ya kuhimiza uhifadhi. Uchungu wangu ukapenya katika neno moja dogo, na binti yule akaliona kabla sijaliona mimi niliyeliandika. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mimi niliivuta bila kujijua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtazamo wa mwandishi si jambo la kubahatisha. Una nyayo, na katika Kiswahili nyayo hizo aghalabu ni vijineno ambavyo msomaji wa haraka huviruka: eti, kumbe, hata, tu, angalau. "Alitoa shilingi elfu" ni taarifa. "Alitoa shilingi elfu tu" ni lawama. Tena lugha yetu ina ngeli. "Mzee alikuja na mbwa wake" na "kizee kilikuja na jibwa lake" ni tukio lile lile, ila katika sentensi ya pili mwandishi amekwisha kuchagua upande. Sisi walimu hufundisha ukubwa na udogo wa nomino kama zoezi la sarufi, mtu, jitu, kijitu, kisha tukifika kwenye ufahamu tunasahau kwamba tulivifundisha.

Liko kosa jingine, la kudhani kila neno lililo katika habari ni la mwandishi. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, Majivuno anamshitaki Karama mbele ya mfalme kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria. Maneno ya mshitaki yamo kitabuni, yameandikwa na Shaaban Robert kwa mkono wake, lakini atakayesema hayo ndiyo maoni ya Shaaban Robert atakuwa amekisoma kitabu kichwa chini. Mtoto afundishwe kuuliza kwanza: nani anasema hapa?

Baraza la Mitihani lilipoanza kutumia mashine kusahihisha mtihani wa darasa la saba mwaka 2012, watoto walianza kusiliba herufi kwenye fomu. Sina ugomvi na mashine. Haichoki wala haina upendeleo. Lakini mashine haiwezi kuambiwa, "Hapa umeandika 'eti'." Baadaye maswali machache ya kujibu kwa maneno ya mtoto mwenyewe yaliongezwa, na hilo ni jema. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alikwisha kutuonya kwamba mtihani unaweza kupima kumbukumbu ukaacha uwezo wa kufikiri.

Mtihani wa taifa hauko mikononi mwa mwalimu wa kijijini, lakini darasa liko. Nawaomba vijana walioko kazini wafanye jambo moja. Mtoto akishachagua herufi, apate au akose, aulizwe: neno gani limekuonyesha? Akiweka kidole juu ya neno, amesoma. Asipoweza, alama aliyopata ni ya bahati. Na mtungaji wa swali naye akipige kidole kifungu chake kabla ya kuandika jibu sahihi, maana huenda yeye ndiye asiyejua anasimama upande gani.

Binti yule sikumwomba radhi. Alimaliza shule, akaondoka Rungwa, nami nikastaafu. Alama moja katika mtihani wa ujirani mwema haikubadili maisha yake. Kinachonisumbua ni kwamba alisoma vizuri kuliko wote, na mimi, mwalimu wake, nikamfundisha kwamba amekosa. Kama kitabu hiki kitamfikia, ajue kwamba jibu lilikuwa D.